Jirani Aliyebaki na Watoto wa Laini

Siku ile walikuwepo watu hawa: nyapara, amesimama kwenye ngazi ya stoo ya kahawa, mama wa kanisa, Biblia bado mkononi kwa sababu ilikuwa Jumapili, nyanya wa chumba cha mwisho, ambaye sote tulimwita Cucu, wanawake wachumaji wa laini yetu ya vyumba vya wafanyakazi, karibu wote, wengine wameketi juu ya magunia matupu, jirani yetu, ambaye mkutano uliitwa kwa ajili yake, na watoto wake wawili, na sisi wanne tuliofiwa. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Alinifuata ndugu yangu, kisha dada yetu mdogo, na mwisho kitindamimba wetu, aliyekuwa amelala kifuani kwa jirani huku mdomo bado uko kwenye titi, kana kwamba maneno ya watu wazima hayamhusu. Kumbe yalimhusu yeye kuliko sote.

Nimewataja kwa sababu nikiondoka mimi sidhani kama kuna atakayewataja tena.

Mwezi uliopita huyo kitindamimba, ambaye leo ni babu mwenye mvi na gari lake, alikuwa akinirudisha nyumbani kwangu Landless, pale Thika. Tulikuwa tumetoka Ruiru kumwona mjukuu. Nikamwomba aache barabara kubwa, apite ile ya ndani inayoshuka mtoni, kwa kuwa nilitaka kuiona kahawa. Hakuna kahawa, rafiki yangu. Imeng'olewa yote. Yamesimama maghorofa, nguo zinaning'inia kila baraza, na pale palipokuwa na stoo vijana wanaosha magari. Nikamwambia asimame.

"Kuna nini, Mama?" akauliza. Ananiita Mama. Hajawahi kuniita dada.

Nilishuka nikavuta pumzi nikitafuta ile harufu. Kama hukukulia kwenye shamba la kahawa sijui nikuelezeje. Ni harufu ya maganda yaliyorundikwa nyuma ya kinu, tamu halafu chachu, na ukishaizoea unalala nayo kama blanketi. Asubuhi ilichanganyika na moshi wa kuni mbichi na uji wa mahindi ulioungua chini ya sufuria. Halafu nyapara angegonga kipande cha reli kilichoning'inia mtini, na laini nzima ingetoka mbio, mabibi wakifunga vikapu kiunoni huku wanatafuna kiazi kitamu cha jana.

Baba alichukuliwa katika msako mwanzoni mwa hali ya hatari, na habari iliyoturudia ni kwamba hayuko tena. Mama alishikwa na homa baada ya kujifungua kitindamimba, akaondoka kabla hatujatambua kwamba ugonjwa ule ulikuwa mkubwa. Sheria ya laini ilikuwa moja tu: chumba ni cha mchumaji. Kwa hiyo nilirudisha kibao cha shule, nikachukua kikapu cha Mama. Nilikuwa nimeanza tu kusoma maneno marefu. Sikulia kwa ajili ya shule siku hiyo. Nililia miaka mingi baadaye, nikimtazama mdogo wangu akisoma gazeti bila kusogeza midomo.

Kikapu nilikiweza. Mtoto ndiye aliyenishinda. Nilimpa uji mwepesi, akautapika. Nikampa maji ya sukari, akalia mpaka sauti ikawa kama mlango mbovu. Ukuta kati yetu na jirani haukufika kwenye paa, kwa hiyo alisikia kila kitu. Asubuhi moja aliingia bila hodi, mwanawe mchanga mbelekoni.

"Lete huyo," akasema. "Huyu halii ugonjwa. Analia njaa."

Akaketi juu ya gunia letu, akamweka wake titi moja na wetu titi la pili. Kikawa kimya ambacho sikuwa nimekisikia tangu tumzike Mama.

Jirani alikuwa ametoka kwao rizavu, kwenye ardhi waliyotengewa Waafrika, mvulana mmoja mkononi na msichana mgongoni, bila mwanamume mbele wala nyuma. Mwanzoni alichuma kama wengine. Lakini msichana alinyeshewa chini ya mti wa kahawa, kifua kikambana karibu afe, na tangu siku hiyo mama yake akakataa kumlaza tena kwenye umande. Akabaki nyumbani. Alilima sukuma na viazi nyuma ya choo. Wanawake wakaanza kumwachia watoto wao siku za mvua, kisha siku za jua pia, na kila mmoja aliacha kibakuli cha unga au cha maharagwe.

Hapo ungetegemea wamshukuru. Sikiliza walivyosema bombani.

"Sisi tunavunjika mgongo, yeye anaotesha mizizi kwenye kigoda."

"Mwache apumzike. Kuzaa bila bwana kunachosha."

Na vicheko. Wengi wa wanawake wale pia hawakuwa na waume nyumbani. Lakini waume zao walikuwa kizuizini, na hilo liliwapa heshima; ukiwa na mume mahali fulani, hata nyuma ya seng'enge, wewe ni mke wa mtu. Wajane waliombewa kanisani kwa sauti. Yeye hakuwa katika fungu lolote. Na kama angalau angekuwa anachuma, wangemsamehe kidogo. Kosa lake lilikuwa kwamba hakuwa na bwana na bado alikaa ndani na watoto wake, kama mke anayetunzwa. Hilo ndilo lililowakera.

Basi mmoja wao akapeleka maneno kwa nyapara, na Jumapili ile tukaitwa mbele ya stoo.

"Mama," nyapara akaanza, "wewe uko hapa kama mchumaji?"

"Sichumi, mzee. Wajua."

"Sasa chumba ni cha nani?"

Mama wa kanisa akasaidia, au alidhani anasaidia. "Hata ungetuambia bwana yuko kizuizini, tungekuelewa. Tungekuombea."

Cucu alikuwa ameketi karibu nami. Akainama mbele, akanong'ona kwa sauti ambayo watu wote waliisikia, maana masikio yake mwenyewe yalikuwa yamekwisha. "Sema alikufa, mwanangu. Sema tu alikufa. Hatakuja hapa kukataa."

"Hajafa, Cucu," jirani akasema. "Yuko Thika, ananenepa."

Wanawake wakacheka, kisha wakakumbuka hawakuja pale kucheka naye. Mmoja akaruka juu. "Na hayo maziwa anayompa mtoto wa marehemu je? Huyo mtoto anakunywa tabia!"

"Haya, mchukue umpe yako. Tabia aliyo nayo ni njaa."

"Haiya! Mmesikia mdomo?"

Nyapara akainua mkono. Alisema kesho kengele ikilia, mama huyu awe na kikapu kiunoni, la sivyo afunge mzigo wake. Nikamtazama kitindamimba. Mwanamke yule akiondoka, mtoto angemfuata Mama kabla ya mwezi kuisha. Mtu hakuhitaji shule kulijua hilo.

Nikasimama. Mtoto hakusimama mbele ya watu wazima siku zile, na nilisikia minong'ono. Nikasema, "Mimi nitachuma debe lake."

"Wewe? Kikapu chenyewe kinakuburuta!"

"Kila jioni nitamwaga debe langu na debe lake. Yeye abaki na watoto."

Nyapara alicheka. Lakini mwaka ule kahawa ilikuwa imezaa mpaka matawi yanagusa chini, na mzungu mwenye shamba alitaka matunda, hakujali mkono wa nani. "Sawa," akasema. "Jioni ya kwanza debe la pili lisipojaa, mtatoka wote. Yeye na ninyi."

Ndivyo nilivyoanza kuchumia nyumba mbili. Niliingia shambani kabla ya wengine, umande ukinilowesha mpaka kifuani. Ndugu yangu alichuma matawi ya chini, mimi ya juu. Tulichuma matunda mekundu tu, kwa sababu nyapara alichambua kwa vidole, na akikuta mabichi alimwaga yote. Siafu walitupanda miguuni. Utomvu mtamu ulikauka mikononi ukawa kama gundi, na jioni vidole havikukunjuka.

Wanawake nao hawakunikosa.

"Bwana wa laini ameamka!" wangepiga kelele nikipita. "Bwana, bibi amekupikia?"

"Bwana, mbona bibi hana kitambaa kipya? Unakunywa pombe?"

Nilicheka pamoja nao. Niligundua mapema kwamba hasira inakula nguvu, na nguvu nilizihitaji kwa debe la pili. Cucu peke yake hakutania. Angepita karibu nami kama asiyeniona, akamwaga viganja viwili vya matunda kwenye kikapu changu, akaenda zake huku anakohoa.

Jioni nilirudi nikakuta moto. Sijui kama unaelewa maana ya kurudi ukakuta moto, ukiwa huna mama. Githeri ya mahindi na maharagwe imeiva, mboga zimekatwa, dada yangu amesukwa nywele. Watoto wa laini walikuwa wameketi ukutani kwa safu, nyuso zimeoshwa, mmoja anamsubiri mama yake, mwingine amelala juu ya mwenzake. Jirani alinipaka mafuta ya kondoo viganjani, akavikanda taratibu mpaka vikafunguka. Hakuniambia asante. Alisema, "Kesho anza upande wa mtoni, kule matunda hayajaguswa." Alikuwa mchumaji hodari, unajua. Hakuacha kuchuma kwa kushindwa.

Wale wale waliomsema walikuja kuchukua watoto wao. Waliwashika mkono, wakatazama kando, wakaenda.

Kitindamimba akanenepa. Mikono yake ikapata mikunjo. Msichana wa jirani alipungua kidogo, lakini alikuwa ameanza kusimama, na tuliona ni kawaida ya mtoto anayeanza kusimama.

Debe la pili halikukosa kujaa hata jioni moja. Nalisema hili kwa fahari mpaka leo. Lakini msimu una mwisho wake. Matunda yalipokwisha ikaja kazi ya jembe, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kulima sehemu yake na ya mtu mwingine. Nyapara hakuwa amesahau amri yake. Nadhani jirani alijua tangu mwanzo, kwa maana wiki za mwisho alinifundisha kuchemsha maziwa ya mbuzi ya Cucu, kusaga wimbi laini, kuuchuja uji kwa kitambaa, kupima joto lake mkononi. Alinisimamia mpaka mtoto akanywa kikombe kizima kutoka kwangu na akabeua.

"Huyu sasa ataishi kwa mkono wako," akasema.

Jumapili asubuhi alifunga mzigo. Hakukuwa na vitu vingi. Nilitaka kumwamsha kitindamimba amuage, akanizuia. "Mwache alale. Akiamka akiniona nikienda mtalia wewe na yeye." Akashika njia ya Thika, mvulana mbele, msichana mgongoni, sufuria kichwani.

Kesho yake kulikuwa na manyunyu. Kengele ilipolia wanawake wakaja kama kawaida, kila mmoja na mtoto wake na kibakuli chake, wakakuta mlango umefungwa kwa kamba. Walisimama pale mvuani.

"Sasa tutawaacha na nani?" akauliza yule aliyesema mambo ya tabia.

Wakawafunga watoto mgongoni wakaenda kulima matopeni, na siku hiyo hawakuimba.

Nilipokuwa mkubwa nilihamia Thika, na sitasema kwamba sikumtafuta. Niliuliza sokoni, niliuliza kwenye mashamba ya mkonge, niliuliza kwa wanawake waliolea watoto wa watu kwenye majumba ya wafanyakazi. Lakini tulimjua kwa jina la mwanawe wa kwanza tu, na jina lenyewe ni lile ambalo kila boma letu linalo. Ukilitaja Thika, nusu ya soko inageuka. Nilifuata wanawake wengi kwa nyuma kwa sababu ya mwendo wao. Wakigeuka, si yeye.

Haya yote nilimweleza mdogo wangu tukiwa tumesimama pale, vijana wakiosha magari. Alikuwa amezisikia habari za jirani nusunusu. Za debe alizijua. Akauliza kitu ambacho sikuwa nimekitegemea.

"Huyo mtoto mwingine, tuliyenyonya naye pamoja. Alikuwa msichana?"

"Msichana."

"Mkubwa kwangu?"

"Kidogo tu. Maziwa yalipopungua, yeye ndiye aliyeondolewa kwanza. Mama yake alisema huyu ana mama, huyu hana."

"Na wewe umekuwa ukimtafuta mama yake miaka yote hii," akasema. "Hatujawahi kumtafuta yeye."

Ni kweli. Nilikuwa nimebeba shukrani zangu zote kwa mtu mmoja, na huenda mtu huyo alishazikwa zamani, mahali nisipopajua. Lakini aliyetolewa titini ili wetu aishi hakuulizwa. Kama yu hai, ni mwanamke mzee mwenye umri wa mdogo wangu, labda yuko Mwiki, labda yuko Thika hii hii, anapanga foleni na mimi hospitalini. Hajui kwamba anatudai. Na sisi hatujui hata sura yake.