Leokadia agoma kumpandisha Bibi Nungu kwenye shelfu

Saa tatu kasoro asubuhi, Mwanjelwa bado ina baridi ya kukata masikio. Ndani ya duka la zawadi na midoli, Leokadia Kalinga kashika mswaki wa zamani, anasugua vumbi kwenye miba ya nungunungu wa plastiki. Mmoja mmoja. Wako kumi, urefu wa kidole gumba, na wamevaa kupendeza kuliko wengi wetu.

Hawa ni familia ya katuni ya kwenye televisheni. Baba, mama, mjomba, baba mkwe, watoto. Watu wanawakusanya, na wapo watu wazima kabisa. Ukiwapata wote kumi na mmoja umemaliza familia.

"Ukimuweka hivihivi anaanguka," anasema. Anawasha mshumaa, anadondosha tone la nta chini ya miguu ya mjomba, anambandika kwenye kioo. "Barabara kuu si hiyo hapo? Lori la Zambia likipita, shelfu nzima inacheza."

Wafupi mbele, warefu nyuma, macho yote mlangoni. Isipokuwa baba mkwe. Yeye anatazama ukutani.

"Hiyo alinifundisha mteja wetu, mama Jackline," Leokadia anacheka. "Aliingia siku ya kwanza, akapiga kelele: 'We binti wa Kihehe, kwetu mkwe hamkodolei macho mkamwana wake! Mgeuze huyo mzee!' Nikamgeuza. Sasa kila mtu anaingia kuuliza mzee kanuna nini."

Halafu kicheko kinaisha. Katikati ya shelfu kuna nafasi tupu, na mbele yake kipande cha boksi kimeandikwa kwa marker: BIBI HAYUMO.

Kwa hicho kipande cha boksi, bosi wake, Saulo, kampa mpaka saa sita mchana. Bibi apande kwenye shelfu, au Leokadia aondoke.

Sasa sikiliza watu wanavyopigwa.

Midoli hii inauzwa kwenye pakiti iliyofungwa, elfu sita. Huoni ndani kuna nani, na ndiyo raha yenyewe. Bibi Nungu ndiye adimu, katoni nzima unakuta wawili, watatu. Anakuja na kiti chake, kwa hiyo pakiti yake inakuwa nzito kidogo.

Saulo akaleta mzani wa jikoni.

"Mzigo ukifika napima pakiti zote," Leokadia anasema. "Iliyozidi inaenda droo ya bosi."

Hao wa droo wanauzwa kimyakimya, elfu arobaini na tano mmoja, kwa wenye hela zao. Mmoja tu anapandishwa kwenye shelfu, katikati, na taa ndogo juu yake, ili watu waendelee kununua pakiti wakimtafuta. Wakati kwenye pakiti hayumo! Wote wameshatolewa! Huo ni wizi, na wizi hauwi biashara eti kwa sababu umefungwa kwenye karatasi ya kung'aa.

"Miezi minne nimepima mimi, kwa mkono huu," anasema, na sauti imeanza kupanda. "Laki na nusu kwa mwezi, na kodi ya chumba inaningoja. Nikajiambia ni midoli tu, nani atakufa. Mimi nimetokea Tosamaganga, Iringa, nimekua napanga maua ya altare. Utaniambia sijui dhambi inafananaje?"

Kilichomshinda ni huyohuyo mama Jackline. Jina lake Alinanuswe, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Wiki mbili zilizopita alifungua pakiti yake ya kumi na tatu kwa meno, palepale kaunta.

"Mjomba tena!" akasema. "Nina wajomba watano juu ya cherehani, wamejipanga kama kwaya."

Alikuwa anamtaka Bibi kwa sababu zake. "Huyo na mama mkwe wangu sura moja. Miaka ishirini kanikodolea macho. Namtaka pale juu nimkodolee mimi."

Akatoa elfu sita nyingine. Kesho yake Leokadia akamshusha Bibi, akaandika kile kiboksi. Saulo akakitupa. Akaandika kingine. Ikawa hivyo mpaka Saulo akampa saa ya mwisho.

Saa tano na nusu Alinanuswe anaingia, futi shingoni, anasalimia kwa lugha ya kwao.

"Ugonile, Leo. Nipe moja ya bahati."

"Usinunue, mama."

"Kwani zimeoza?"

"Bibi hayumo hata kwenye moja. Tunazipima, tunamtoa. Napima mimi."

Alinanuswe anautazama mzani. Anakitazama kiboksi.

"Hata zile kumi na nne?"

"Hata zile."

"Na ulikuwa unanishikia begi nikifungua. Unanipa pole!"

"Ndiyo, mama."

"We mtoto una roho ngumu wewe!" Mpaka wauza vitunguu wa nje wanageuka.

Saulo anatokea nyuma ya pazia. "Mama, hakuna aliyekulazimisha. Ni bahati."

"Bahati gani ya kupimwa kwenye mzani kama nyama?"

 Alipoulizwa na mwandishi wa habari hii, Saulo alisema hivi tu: "Andikeni mnachotaka, kesho duka litafunguliwa." Anavuta droo, anamtoa Bibi, anatupa kiboksi chini, anamsimamisha katikati na kiti chake.

"Ufunguo," anasema.

Leokadia anauweka kaunta. Mshumaa unabaki mfukoni mwa sweta lake.

Hajafika mlangoni, lori linapita. Kioo kinatetemeka. Kumi wote wamesimama palepale. Bibi anayumba, anaanguka kifudifudi pamoja na kiti chake. Leokadia anamwangalia, anatoka.

Nje, Alinanuswe anamsukumia kigoda kando ya cherehani.

"Sijakusamehe."

"Najua, mama."

"Kaa, usisimame kwenye baridi kama chizi. Kesho tunaenda serikali ya mtaa. Nawabeba wajomba wote watano, na wewe utaeleza ulivyokuwa unapima."

"Nitaeleza."

Baada ya hapo, anasema Leokadia, anarudi Iringa. Dada yake, Devota, ana duka la madaftari na amekubali kumpa kona moja. Anataka shelfu ya kioo yenye taa. Familia nzima itapangwa kwa nta, mzee atazame ukutani kama kawaida, na kila katoni itafunguliwa mbele ya wateja.

"Kiboksi cha kwanza nitaandika BIBI YUMO," anasema Leokadia, mikono imekunja ngumi kwenye mapaja. "Na mtu akiniingilia pale na mzani, namtoa yeye na mzani wake."