Waya Uliotiwa Kiraka

Mtaani walimwita Mama Uzi, na usidhani ni kwa sababu ya cherehani tu. Mafundi wa cherehani wako tele. Huyu alikuwa na ugonjwa wa kutotupa kitu. Mwavuli umechanika, ataushona. Beseni la plastiki limepasuka, atalitoboatoboa kwa sindano ya moto na kulipitishia uzi wa nailoni. Majirani walimtania kwamba ukikaa naye kibarazani ukanyamaza muda mrefu, utajikuta umeshonwa mdomo. Alicheka nao, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

Kitu kimoja tu hakukifanyia mzaha, nacho ni simu yake ya zamani, ile ya kwanza ya kugusa, aliyoihifadhi kwenye droo ya cherehani. Ndani yake mlikuwa na ujumbe wa sauti wa marehemu mumewe, dereva wa lori. Aliutuma jioni moja akiwa safarini, na kesho yake lori likapinduka kwenye mteremko. Ulikuwa mfupi: "Mama Uzi, nimefika salama. Kuleni, msinisubiri. Na huyo mtoto mwache alale na viatu vyake vipya, nitakuja kumvua mwenyewe."

Mtoto aliyetajwa alikuwa binti yao wa pekee. Alipofiwa alikuwa mdogo mno. Viatu alivikumbuka, sauti ya baba hakuikumbuka. Na mama mtu, Mungu amsamehe, alimsikilizisha kwa nadra, kwa vile aliamini sauti huchakaa kama kitambaa kinachofuliwa kila siku. Umwambie nini mtu aliyeshika uzi na vitambaa maisha yake yote?

Binti alikua, akaolewa, na kila alipokuja aliomba sauti ile ihamishiwe kwenye simu yake. Mama Uzi akawa na jibu lake lile lile: ikipotelea njiani, atamwambia nini marehemu? Siku moja binti alikuja tumbo likiwa limemtangulia mlangoni. Akaketi, akapumua, akasema taratibu, "Mama, huyo ni baba yangu pia. Nataka mwanangu amsikie babu yake."

Maneno hayo yalimchoma. Aliona ubinafsi wake wa miaka yote umewekwa mezani kama kitambaa kilichokatwa vibaya. Wakakubaliana Jumamosi mkwe aje na kompyuta, sauti ihamishwe, wote wawili wawe nayo.

Shida ilikuwa kuijaza simu chaji. Tundu lake lilikuwa la mtindo wa zamani, na waya wake ulikuwa umekatika ngozi shingoni, pale unapoingia kwenye simu, hadi nyuzi za shaba zikawa zinachungulia. Fundi simu wa pale kona alikuwa ameshamwambia waziwazi: waya ukichubuka, tupa. Akaahidi kumtafutia mwingine, maana nyaya za namna ile zilikuwa zimeadimika. Ijumaa ile Mama Uzi akaenda kuuulizia, akakuta kibanda kimefungwa. Fundi alikuwa amekwenda kuzika.

Basi akafanya alichokijua. Akazikusanya zile nyuzi za shaba, akazikaza pamoja kwa uzi mwekundu, mzunguko juu ya mzunguko, kisha akashona kijifuko cha kitambaa kuzunguka shingo ya waya. Kazi ilikuwa safi, nisimwonee. Aliigeuza kwenye mwanga, akaridhika kabisa.

Kichwa cha chaji yake kilikuwa kidogo, kinajaza kwa kusuasua, kwa hiyo akatumia kile kikubwa alichokisahau mkwewe. Akachomeka, akaona alama ya betri imewaka. Akaivisha simu kifuko chake chenye pamba, kile alichokishona ili kioo kisikwaruzwe, akaiweka juu ya rundo la vitambaa na kuendelea kupinda sketi za shule. Aliposikia harufu ya plastiki, alidhani ni pasi. Akaenda kuikagua pasi kwanza. Aliporudi, kifuko kilikuwa kinafuka moshi, na simu imevimba hadi kioo kimeachia pembeni.

Fundi simu alirudi kutoka msibani, akaifungua mbele yake. Hakumkaripia. Alimweleza kwamba chaji kubwa haikuwa na kosa, maana ikiwa nzima na ya kuaminika, simu huchukua kiasi inachohitaji. Waya ndio uliomponza. Zile nyuzi alizozikaza pamoja hazikutakiwa kugusana hata kidogo, na kile kifuko kikazuia joto lisitoke. Akahangaika nayo siku nzima, akampelekea hata mwenzake mwenye mitambo mizuri zaidi. Mwishoni akamrudishia ikiwa kwenye bahasha, macho yakitazama chini. "Sauti haipo, mama. Pale ilipokuwa imehifadhiwa pameungua."

Binti alipoambiwa hakulaumu, na jamani, afadhali angelaumu. Alishika tumbo lake tu, akauliza kama mama ameungua mkono. Siku chache baadaye akajifungua mtoto wa kiume. Watu husema majuto ni mjukuu; Mama Uzi alivipata vyote viwili ndani ya juma moja.

Alipokwenda kumwona, binti akamlaza mtoto mapajani mwa bibi yake, akamwambia, "Yale maneno unayajua, Mama. Mwambie wewe."

Mama Uzi akainama sikioni kwa mtoto. "Mama Uzi, nimefika salama," akaanza, na maneno yakaja yote, hata moja halikupungua. Alipofika kwenye "nitakuja kumvua mwenyewe" akasita. Akarudia, safari hii kwa sauti nzito. Akarudia tena, upesi kidogo. Kuna mahali mumewe alikuwa anacheka, alikijua kile kicheko, ila sasa hakujua kama kilikuja kabla ya viatu au baada yake. Yeye aliyeogopa kuichakaza sauti kwa kuisikiliza alikuwa ameisikiliza mara chache mno.

"Baba alisema hivyo?" binti akauliza, macho yamemtoka, anangoja.

"Sijui, mwanangu," Mama Uzi akasema. "Hiyo ni sauti yangu tu."