Kigoda cha Mzee Kwenye Mkutano wa Wadau

Juzi tuliitwa wadau kwenye hospitali moja ya Lodwar, tutoe maoni kuhusu kanuni za kuzuia maambukizi wodini. Kanuni ya nne ilipiga marufuku ekicholong, kile kigoda ambacho mwanamume wa Kiturkana hukikalia mchana na kukilazia kichwa usiku.

Mzee mmoja mfugaji, anayemuuguza mkewe hapo, alikuwa amekataa kiti cha plastiki na kukalia kigoda chake. Akanyoosha mkono.

"Daktari, hii yangu nakalia mimi peke yangu. Hiyo yako, jana ilikaliwa na nani?"

Daktari aliyeongoza mkutano, naye akiwa kwenye kiti cha plastiki, akamtazama mama wa usafi aliyepanga viti ukumbini.

"Hizo viti tumetoa wodi ya kuhara asubuhi," mama akasema. "Hakuna mtu aliniambia nipanguse."

Daktari aliinuka polepole, akajipangusa nyuma. Ukumbi mzima ukainuka, vicheko tele. Kanuni ikaandikwa upya papo hapo: kila kikalio, cha mbao au cha plastiki, kipanguswe kwa dawa mlangoni.

Nimehudhuria mikutano mingi ya wadau ambako kazi yetu ni kunywa soda na kupiga makofi. Safari hii tulitia sahihi tukiwa tumesimama, isipokuwa mzee.