Spana ya Mshale

Ghalani walimwita Robo. Mwaka wake wa kwanza kwenye mizani alirudisha gunia la nafaka lililopungua robo kilo, mwenye gunia akamfokea mbele ya wapakiaji wote, na jina likamganda kama lami kwenye kiatu. Miaka ishirini na miwili ilikuwa imepita. Nywele zilianza kumtoka na miwani iliongezeka unene, lakini gunia lilikuwa bado halipiti mbele yake kwa kukisiwa. Alichopima alikiandika, na akifika nyumbani aliendelea kuandika: siku mtungi wa gesi ulipobadilishwa, siku paa lilipovuja na upande gani, gari limekwenda kilomita ngapi tangu libadilishwe oili. Madaftari yalijaza juu ya kabati mpaka mkewe akasema siku moja yatamwangukia mtu yamuue, na Robo ataandika ilikuwa saa ngapi.

Gari lenyewe lilikuwa la rangi ya majivu, na lilikuwa limepita kwa watu wawili kabla ya kufika kwao. Alilitengeneza mwenyewe kila Jumapili, kwenye uwanja mdogo wa sementi nyuma ya nyumba. Zamani kazi hiyo ilimpa raha. Siku hizi aliifanya kama mtu anayelipa adhabu. Alikuwa amechoka uchovu ambao usingizi hauuondoi, na tangu miezi mitano nyuma vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vikifa ganzi. Aliamka asubuhi mkono ukiwa kama si wake. Hakumwambia mtu.

Mkewe alikuwa mkunga. Mwanzoni mwa mwaka alihamishiwa zahanati iliyo kilomita arobaini kutoka nyumbani, na ndilo gari lililompeleka na kumrudisha.

Alasiri moja hakurudi kwa wakati. Akiwa katikati ya safari alisikia mbele kushoto kukigonga, usukani ukaanza kutetemeka mikononi, akatoa gari barabarani polepole. Aliposhuka akakuta bolti tatu kati ya tano za gurudumu zimekatika, na mbili zilizobaki ndizo zinalishikilia. Alikaa juu ya jiwe kando ya barabara kwa muda wa saa nne kusubiri gari la kuvuta. Jumapili iliyotangulia mumewe ndiye aliyekaza nati zile.

Mkewe hakupiga kelele alipofika nyumbani. Ingekuwa afadhali angepiga. Alivua viatu, akaweka miguu kwenye beseni la maji, na Robo akajieleza akiwa amesimama: bolti ni za zamani, chuma nacho kinazeeka. Mkewe alimsikiliza hadi mwisho.

"Kazini kwako gunia la mtu halipiti bila mizani," akasema. "Magurudumu yangu unayapima kwa kitu gani?"

"Kwa mkono."

"Mkono upi?"

Robo akatazama pembeni. Basi mkewe alikuwa amekwisha kuona. Mtu anayepokea watoto wa watu kwa mikono yake haachi kuona kikombe kinapomponyoka mumewe mara mbili kwa wiki moja.

Mkewe akamweleza lililobaki kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulifikiria. Mwenzake wa zahanati alikuwa na chumba kitupu jirani na kazini, na alikwisha kumpa ufunguo akakitazame. Mwisho wa mwezi alitaka jibu. Kama magurudumu hayaaminiki, atachukua kile chumba, atakuwa anakuja nyumbani Jumamosi na kurudi Jumapili. Alisema hivyo na kuutia ufunguo kwenye pete moja na funguo zake nyingine, ufunguo mdogo wa shaba, wa nne. Robo aliuhesabu bila kutaka.

Watoto walikwisha kuondoka na kuanza maisha yao. Akiondoka na huyu, nyumba itabaki yeye na madaftari.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuja siku ya pili kulitazama gari. Alikuwa dereva wa lori mwenye mikono kama makasia, na hakuona tatizo kubwa. Nati zililegea, zikachezacheza, bolti zikakatika, kila dereva anajua. Dawa yake ni kukaza zaidi. Robo akamwambia kwamba alikwisha kuanza kutumia kipande cha bomba kurefusha mpini wa spana, na hulikanyaga bomba kwa mguu.

"Basi tafuta bomba refu zaidi, shemeji," yule akasema, "au nenepa kidogo."

Usiku ule Robo alifungua kitabu cha gari, kile kilichokuja nalo, ukurasa ambao alikuwa ameuruka miaka yote. Nati za magurudumu zikazwe kwa nyutoni mita mia moja na tatu. Nguvu ya kukaza kumbe ina namba. Aliona haya, peke yake mezani, kama karani aliyekutwa na mizani isiyosafishwa.

Duka la vifaa la barabara kuu lilikuwa na spana za kipimo za aina mbili, zote za kubofya: unazungusha mpini hadi kwenye namba unayotaka, unakaza, na namba ikifika spana inalia tak. Moja ilikuwa na cheti ndani ya sanduku na bei ya kumfanya mtu akae chini. Nyingine bei yake ilikuwa ya huruma, na sanduku lake limeandikwa sahihi kabisa kwa herufi kubwa pande tatu. Robo aliuliza kama anaweza kuijaribu. Muuza duka akamwuliza kama akinunua mkate huwa anauonja kwanza. Akainunua ile ya huruma.

Kuijaribu hakukumpa taabu, maana kupima ndiyo kazi yake. Alichukua dumu la plastiki hadi ghalani, akalijaza maji juu ya mizani mpaka likatimia kilo ishirini, dumu na maji yake, akachora mstari wa rangi pale maji yalipofikia. Kilo ishirini zikining'inia nusu mita kutoka kwenye kichwa cha spana zinavuta kwa tisini na nane. Hesabu hiyo ilikuwa nyuma ya kitabu cha gari, na aliirudia mara tatu. Basi akabana kichwa cha spana kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, akaiweka kwenye tisini na nane, akatundika dumu tupu kwa kamba na kulijaza taratibu kwa kikombe. Spana yenye haki ingelia maji yakigusa mstari.

Ililia dumu likiwa halijafika robo tatu. Akamwaga, akarudia. Mara hii maji yalipita mstari, yakafika shingoni, na haikulia. Mara ya tatu ililia nusu ya dumu. Akaandika zote tatu. Mizani inayokosea upande mmoja kila siku unaweza kuizoea, lakini hii ilikuwa inasema linaloijia mdomoni. Muuza duka aliipokea tena kwa kununa na kukata sehemu ya bei, akidai sanduku limekunjwa.

Zilibaki siku tisa mwezi kuisha. Mkewe alikuwa akienda kazini kwa kudandia magari ya watu, akitoka alfajiri na kurudi amekunja uso, na chakula walikula wakisikiliza vijiko. Jumamosi Robo alibeba dumu lake tupu mkononi akaenda soko la vyuma, sehemu yenye vifaa vilivyotumika.

Mama mmoja mjane aliuza pale vifaa vya marehemu mumewe, ambaye alikuwa fundi wa magari makubwa. Wote walimwita Mama Vyuma. Kwenye meza yake, chini ya rundo la spana za bomba, Robo alivuta spana ambayo hakuwahi kuiona dukani: fimbo ya chuma yenye mpini mwishoni, na juu ya fimbo mshale mwembamba uliolala hadi kwenye kibao cha namba karibu na mpini. Ukivuta, fimbo inapinda kidogo, mshale haupindi, na unasoma namba kwa macho yako. Haina cha kulia wala springi ya kuchoka.

"Hiyo haitaki watu wenye haraka," Mama Vyuma alisema.

Robo akaomba maji na jiliwa. Mama Vyuma alimtazama akitoa futi ya kupimia mfukoni, akipima nusu mita kutoka kichwani, akifunga kamba, akijaza dumu hadi kwenye mstari, akiinama mpaka pua ikagusa kibao. Mshale ulisimama tisini na nane. Akalishusha dumu, akavua miwani, akaifuta, akalipandisha tena. Tisini na nane. Mara ya tano majirani wa meza walikuwa wamesogea kutazama.

"Baba, unanunua spana au unaoa?" Mama Vyuma akauliza.

Watu wakacheka. Robo naye akatabasamu kidogo, akifungua kamba.

"Mke ninaye. Spana ndiyo ya kumfanya abaki."

Mama Vyuma akaacha kucheka. Alitaja bei, theluthi ya ile yenye cheti, kisha akaishusha bila kuombwa. Alipouliza imekuwaje, Robo akatoa mfukoni bolti mbili zilizokatika, alizokuja nazo ili apate za kufanana nazo. Yule mama akaigeuzageuza moja kwenye mwanga, akapitisha kucha pale ilipokatikia.

"Nani amekwambia ililegea?"

Kila mtu, Robo alimjibu. Mama Vyuma akamwekea bolti mkononi. Karibu na mkatiko meno ya bolti yalikuwa yameachana, na shingo imekuwa nyembamba, kama peremende iliyovutwa. Bolti iliyolegea haiwi hivyo, akasema. Hii imevutwa hadi imekata tamaa. Halafu akanusa vidole vyake. "Na hii ni grisi. Unapaka?"

Alipaka. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, ili zisishike kutu, kwa brashi ndogo, hakuruka hata moja. Mama Vyuma alitikisa kichwa. Marehemu aliwafukuza kazi watu wawili kwa jambo hilo. Ukipaka grisi nati inateleza, na nguvu ambayo ingeishia kwenye msuguano yote inakwenda kuvuta bolti. Ukiongeza na bomba, unaikata mwenyewe kidogo kidogo, na hata spana ya dhahabu haitakusaidia.

Robo alirudi nyumbani na spana, bolti mpya na miguu mizito. Alishusha daftari la gari kutoka juu ya kabati. Lilikuwa pale, kwa mwandiko wake mzuri. Grisi, nati zote ishirini. Na tangu miezi mitano nyuma: grisi, nati zote ishirini, nimekaza kwa bomba. Mkono ulipoanza kufa aliogopa kwamba hakazi vya kutosha, akaongeza bomba, kisha mguu. Alikuwa amejichosha kila Jumapili akilivunja gari la mkewe kwa uangalifu mkubwa, na kuliwekea kumbukumbu.

Angeweza kunyamaza. Spana ilikuwepo, bolti mpya zilikuwepo, na maneno ya chuma kuzeeka yalikwisha kusemwa. Alikaa na daftari magotini hadi mkewe alipoingia na kuweka mkoba chini, akampa ukurasa ukiwa wazi.

"Si uzee wa bolti," akasema. "Ni mimi."

Alimweleza yote, grisi, bomba, mguu, na mwisho mkono. Mkewe alisoma ukurasa, akageuza wa nyuma yake, akasoma na huo. Hasira ilimpita usoni, Robo aliiona vizuri, kisha ikaacha nyuma yake uchovu kama wa kwake.

"Miezi mitano," mkewe akasema. Robo hakujua anasema la bomba au la mkono.

Jumapili Robo alibadilisha bolti zote ishirini, si zile za mbele tu. Hakupaka kitu, alisugua kila mahali kwa brashi ya waya na kitambaa cha petroli hadi chuma kikakauka. Kazi ya saa mbili ilimchukua siku nzima, maana ilimbidi apumzishe mkono. Alipofika kwenye kukaza, mkewe alitoka jikoni akasimama juu yake.

"Lete."

Akampa. Akamwonyesha mahali pa kushika, avute taratibu, aruke nati moja na kwenda ya mbali, na macho yasitoke kwenye mshale. Mkewe akachuchumaa, magoti yakamlia, akavuta.

"Themanini. Tisini. Mia. Mia na tatu, niache?"

"Acha."

Akabaki ameshika mpini, akimtazama. "Ndiyo hii tu?"

"Ndiyo hiyo tu."

"Na wewe ulikuwa unapanda juu ya bomba." Akaenda kwenye nati ya pili. Alikaza zote ishirini mwenyewe, akisoma namba kwa sauti, na Robo alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akiandika. Walipomaliza mkewe alimwambia kesho ataondoka naye, ule mkono ukaangaliwe na daktari pale zahanati, na asimletee visingizio vya magunia.

Waliondoka asubuhi ya Jumatatu, kwa gari. Njia nzima Robo alisikiliza mbele kushoto. Mkewe aliendesha polepole kuliko kawaida. Daktari alimfunga kifundo cha mkono, akampa vidonge na siku nyingine ya kurudi, akamwambia ni mambo ya mshipa, yanachukua muda.

Jioni walipofika nyumbani zilikuwa kilomita themanini, na nati za bolti mpya hutazamwa tena baada ya safari ya kwanza. Mkewe alikaa kizingitini akivua viatu, akamrushia funguo atoe spana kwenye buti. Robo alizidaka kwa mkono wa kushoto. Alipokuwa akitafuta wa gari ili afungue buti akazihesabu, kama kawaida yake. Wa gari, wa nyumba, wa kabati la dawa.

Akazihesabu tena: tatu, ule wa shaba haukuwemo. Kisha akafungua buti, akatoa spana na daftari, akamngojea mkewe aje asome namba.