Mwaka Nyakiriba Walipolala Kwetu

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Gisenyi, mashindano yalianza kunukia tangu Ijumaa. Asubuhi tulifyeka nyasi za bustani ya pale ufukweni, mchana tukachota jivu kwenye majiko ya mama zetu la kuchorea mistari, na milingoti ya goli ilikuwa mikaratusi ambayo hakuna aliyethubutu kuuliza imekatwa wapi. Mikono ilinuka jivu na majani mabichi hadi Jumapili. Watoto wa leo wakikuta kijiti uwanjani wanamwita kocha aje akiondoe.

Jioni wageni waliposhuka kutoka milimani kwa miguu, ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Sheria yetu haikuandikwa popote, lakini kila mtu aliijua: kila mchezaji mwenyeji anamchukua mgeni mmoja kwao. Unamlisha, unalala naye kitanda kimoja, kesho yake mnapigana chenga. Na timu inayoshinda ndiyo inayoandaa mwaka unaofuata. Kwa hiyo tulipoingia fainali na wasichana wa Nyakiriba, mimi kipa nilikuwa na mzigo. Sare ilitutosha sisi wenyeji. Tukifungwa, mashindano yanapanda mlimani, na Jumamosi yetu ya ziwani ndiyo basi tena.

Nilipangiwa Vestine, mshambuliaji wao, msichana mrefu, mpole, miguu mitupu. Mama, aliyezaliwa Tanzania akarudi na salamu zake ndefu, alimwita "mwanangu" kabla hajamwuliza jina. Alimkaangia sambaza, vile visamaki vya ziwani kwetu, akamrundikia viazi mpaka sahani haionekani. Mimi nilipewa vilivyobaki, nikavumilia. Kisha jicho la mama likaenda kwenye miguu ya mgeni, likahamia kwenye viatu vyangu.

Jamani, vile viatu! Shangazi alinichagulia mwenyewe kwenye mitumba ya Goma, vyeusi, vyenye meno chini. Nilikuwa navipaka mafuta ya kujipaka mwilini, navitembeza mtaani hata bila mpira. Timu nzima, mwenye viatu vya mpira nilikuwa mimi peke yangu.

"Mpe mwenzio," mama akasema. "Mgeni wangu hachezi pekupeku watu wakiangalia."

"Mama, kesho si atanifunga navyo!"

Baba, ambaye Kiswahili chake kilikulia Goma, hata hakuinua macho kwenye chai. "We iko gardien, unashika mupira na mikono. Biatu ya nini? Bon, mupe."

Nililia. Nasema kweli, nililia kwa hasira. Vestine akavipokea viatu kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu amshike, akasema asante mara tatu.

Jumamosi bustani ilijaa: kina mama na miamvuli yao, wauza mahindi ya kuchoma, askari waliokuwa mapumzikoni, watu wa Rugerero waliokuja sokoni wakasahau soko. Ajabu, makali ya Vestine hayakuonekana kabisa. Yule tuliyesikia anapita mabeki anavyotaka alikuwa anakimbia kama anakanyaga makaa. Kila akipata mpira, unamponyoka. Nikaanza kutabasamu golini, nikimpungia mama mkono. Mpira ulikuwa unakaribia kuisha, hakuna bao, ndipo beki wetu akashika mpira kwa mkono mbele yangu kabisa. Penalti.

Vestine akauweka mpira. Halafu akaketi nyasini, akafungua kamba, akavua viatu vyangu kimoja baada ya kingine, akaja kuvipanga vizuri pembeni ya mlingoti.

"Vinanibana tangu asubuhi," akaninong'oneza. "Lakini mama yako ningemkatalia vipi?"

Akarudi nyuma, akapiga pekupeku. Mpira sikuuona. Tuliuokota ziwani.

Nilitaka kulia tena, nikashindwa. Uwanja mzima ulikuwa unapiga kelele, "Yewe! Yewe!", na mama alikuwa ameshika mbavu kwa kicheko, maana kumbe siku nzima beki wetu mkubwa alikuwa ukarimu wake. Mwaka uliofuata tulipanda Nyakiriba kwa miguu. Kwa kina Vestine mama yake alinilisha maharage na ndizi mpaka nikashindwa kuinama kufunga kamba. Tukafungwa tena, mabao matatu.

Jumamosi iliyopita binti yangu alicheza pale pale ufukweni. Mambo ni mazuri, sikatai. Kuna nyavu za kweli, maturubai, spika zinazotikisa kifua, na kila mtoto ana viatu vyake vinavyomeremeta. Wanapiga picha kwanza, mpira baadaye. Wageni walishuka kwenye basi, wakacheza, wakarudi kula ndani ya basi, wakaondoka kabla jasho halijakauka. Mimi nilikuwa nimepika sufuria kubwa kwa mazoea, nikabaki nalo. Iliniuma, sitaficha.

Binti yangu naye ni kipa, na alifungwa bao moja. Aliyenifunga mimi ndiye aliyenisimamia harusi, na nyumbani kwangu watoto wanamwita mama mdogo. Basi tukiwa mezani nikamwuliza binti yangu, "Na huyo aliyekufunga wewe, anaitwa nani?"

Akafikiri kidogo, kijiko mkononi.

"Namba tisa."