Biskuti za Sukari Guru na Sahani ya Bi Rukia

Nilitoka Likoni Jumamosi ile kwa sababu ya harufu. Siku chache kabla, nilikunywa uji kwenye kibanda cha jirani, na mwenye kibanda alikuwa ameutia sukari guru badala ya sukari nyeupe. Mvuke uliponifikia puani nikajikuta Veracruz, bandari ya Meksiko, nilikopita ujanani nikiwa mtu wa jikoni katika meli ya mizigo. Karibu na lango la bandari ile palikuwa na duka la mikate ambamo mteja huchukua sinia na koleo akajichagulia mwenyewe. Mimi kila mara nilichagua biskuti nene za rangi ya udongo, zenye ladha ya miwa na mdalasini, zilizokatwa kwa umbo la nguruwe mdogo. Nikataka kujua kama zaweza kupikika huku kwetu.

Chumba changu hakina pa kuokea, kwa hiyo nikampigia simu dada yangu Dama, anayeishi Magongo. Akasema Jumamosi ina shughuli. Jirani yake wa ukuta mmoja, Bi Rukia, alikuwa anahamia Kisauni kwa mwanawe, na sahani yake ya kaure ilikuwa kabatini kwa Dama tangu Idi, ilipokuja imejaa mahamri. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Dama alikusudia kupika vitumbua. Nikamwambia aniachie mimi, nitaijaza kitu ambacho Magongo haijapata kukionja. Akakubali.

Asubuhi, soko la Likoni. Mama muuza sukari guru alinitazama nikinusa kila bonge, akaniuliza kama nataka kupika au kutafuta mchumba. Nilipochukua mabonge mawili tu akacheka, akasema wapika pombe hununua gunia, mimi ni mtu wa uji. Nikayatia kwenye mkebe wangu wa bati, ule niliokuwa nao tangu melini.

Sikupanda feri. Nilipanda bodaboda kwa barabara mpya ya Dongo Kundu, ambayo nilikuwa sijaipita. Juu ya madaraja nilimwomba dereva apunguze mwendo. Mikoko ilikuwa chini yetu, kijani kibichi, na kwa mbali winchi za bandari zilionekana ndogo kama vijiti vya kiberiti. Ndege ikashuka Port Reitz, chini kiasi kwamba niliyaona magurudumu. Dereva akaniuliza kama naenda harusini. Nikamwambia naenda kuoka. Akaongeza mwendo.

Magongo, kabla ya adhuhuri. Kantari, lori dogo la kumhamisha Bi Rukia, lilikuwa limeshaegeshwa uani, nusu limepakiwa. Dama alinipokea mkebe na kunipa unga wote aliokuwa nao. Niliyeyusha sukari guru kwa maji na mdalasini, nikaiacha ipoe, kisha nikakanda na mayai na samli. Kule wengi hutumia mafuta ya nguruwe, nami nilijipongeza kwa kulikumbuka hilo mapema na kununua samli. Dama alikuwa nje akitayarisha jiko: sufuria kubwa yenye mchanga, makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Akaniambia moto wa juu ndio unaooka, wa chini kazi yake ni kusubiri.

Nilikata biskuti kwa kufuatisha kigezo nilichokichora mwenyewe kwenye kipande cha boksi. Masikio, pua, tundu la jicho, mkia wa kujikunja. Mabaki ya kingoni, yasiyo na sura, nikayatia pembeni mwa sinia ya kuokea nije niyale mimi.

Harufu ilipoenea, Dama alifunua sufuria. Akainama, akatazama sana.

"Kaka, hawa ni wanyama gani?"

Nikamwambia.

Akaketi kwenye kigoda, akauweka mkono kichwani. "Yaani nimpelekee Bi Rukia nguruwe? Kwenye sahani yake ya Idi?"

Nilijitetea kwa samli. Akaniambia samli hataiona mtu, pua ataiona. Unga ulikuwa umekwisha, na uani watu walikuwa wanafunga kamba za kantari. Nilikuwa nimefikiria mafuta, sikufikiria sura.

Hatujapata la kufanya, hodi ikabishwa. Bi Rukia mwenyewe, mtu mzima wa makamo ya mama yetu, amekuja kuaga. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku macho yake yakishuka kwenye sinia. Dama alimweleza yote bila kuficha. Bi Rukia akanigeukia.

"Mafuta gani, mwanangu?"

"Samli, bi."

"Wallahi?"

"Wallahi," nikasema, mimi ambaye Jumapili huenda kanisani. Kicheko kikamponyoka.

"Hawa wako sitowala, wana macho wananitazama. Lakini hivi?" Akachukua kipande cha mabaki, akakitafuna polepole. Akachukua cha pili. Akauliza kama ni sukari guru ya Kwale, kwa maana mamake alikuwa akiitia kwenye viazi vitamu.

Dama akakimbilia kabatini, akayapanga mabaki yote juu ya ile kaure. Bi Rukia akayamimina kwenye ncha ya leso yake, akaifunga fundo, kisha akairudisha sahani mikononi mwa Dama.

"Hii ibaki. Nikiichukua leo, utakuja Kisauni kwa sababu gani?"

 Kantari lilipotoka Dama alikuwa bado amesimama mlangoni, sahani kifuani.

Jioni nilirudi kwa njia ile ile, nguruwe wangu wamefungwa kwenye gazeti. Ladha ilikuwa karibu ile ile ya Veracruz. Madarajani nikawaza bandari zote nilizopita. Kila mahali niliondoka nimerudisha kila kitu, hadi kijiko, nikijisifu kwamba hakuna aliye na changu. Na kweli, hakuna hata mlango mmoja huko unaonitazamia.

Mkebe wangu uko Magongo, juu ya kabati la Dama. Sikuusahau, niliuacha.