Nilichelewa kuijua progressive rock ya Waitaliano, na sasa masikio yananiaga

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Mimi huwa napita tu hapa jukwaani. Nasoma mabishano yenu ya rhumba na benga, nacheka peke yangu, nafunga simu. Leo nimeamua kuandika.

Yote nitakayosema yamenipata mimi mwenyewe, Kyalo wa Kathiani, kaunti ya Machakos. Mke wangu ameketi hapa kando anasoma kila mstari, kwa hivyo hata nikitaka kuongeza chumvi sina nafasi.

Kazi yangu ni kusaga unga. Nina posho mill pale sokoni, ile ya injini ya dizeli, niliyoachiwa na baba. Asubuhi mpaka jioni akina mama wanaleta mahindi, mtama, wimbi. Ndani ya kile chumba hakuna kuongea. Ukitaka kumwambia mtu kitu unamwonyesha kwa mkono. Mimi nilianza kuingia mle nikiwa bado navaa kaptula ya shule.

Shikeni hilo, tutalirudia.

Upande wa muziki nilikuwa mtu wa benga ya Kikamba. Gitaa inaingia mbio, mwimbaji anasalimia marafiki zake wote kwa majina, kisha anaiachia gitaa usukani na watu wanatimua vumbi. Nilidhani muziki unaishia hapo. Ningekufa na imani hiyo nisingekuwa na hasara yoyote, na siku nyingine natamani ingekuwa hivyo.

Basi, redio yangu ya pale kinuni ilikufa. Nikaipeleka Machakos mjini kwa fundi Salim.

Salim ana kibanda karibu na msikiti. Kwao ni Malindi, alioa huku akabaki. Babake alikuwa mpishi wa Mwitaliano mmoja kule Malindi, na huyo Mwitaliano aliporudi kwao aliacha kasha zima la santuri. Salim alizihamisha zote kwenye flash, na ndizo anazosikiliza akichomelea waya.

Siku hiyo nilimkuta ameinama, na kwenye spika kunapigwa kinanda kikubwa kama cha misa ya Pasaka. Ghafla kikakatika. Ikaingia gitaa ya kimyakimya, halafu drums zikaangukia pale kwa kishindo, halafu mtu akaanza kuimba kwa lugha ambayo sijawahi kuisikia, kwa sauti ya mtu asiyeona haya kulia mbele za watu.

Nikamuuliza, "Salim, hii kitu ni ya kanisa ama ni ya disco?"

"Si ya kanisa wala si ya disco, kaka. Keti. Bado haijafika."

"Haijafika wapi?"

"Keti wewe!"

Nikaketi kwenye ndoo. Wakuu, ule wimbo ni mrefu, unaweza kusaga debe zima la mahindi kabla haujaisha. Zile drums nilijaribu kuzifuata kwa mguu nikashindwa. Zinahesabu saba. Si nne kama za watu, ni saba, halafu zinarudi mwanzo kana kwamba hakuna kilichotokea.

Salim anajua Kiitaliano cha jikoni na cha hoteli tu, kile alichofundishwa na babake. Kwa hivyo kila mara alikuwa anainua kichwa na kunitafsiria neno moja moja.

"Hapo kasema maji."

Mara, "Hapo kasema mlango."

Karibu na mwisho yule mwimbaji akavuta neno moja, *domani*, akaliachia taratibu. Salim akaweka kila kitu chini.

"Domani ni kesho. Sasa sikiza."

Vyombo vyote vikanyamaza. Ikabaki filimbi moja, ndogo, peke yake.

Hapo ndipo nitakwama, mtanisamehe. Nilirudi Kathiani na nakala ya ile flash mfukoni na bila redio. Niliisahau kwa Salim mezani, na redio ndiyo ilikuwa imenipeleka mjini!

Baada ya hapo nilikuwa mtu aliyeingiwa na kitu. Nilichimba mtandaoni mpaka bando zikaniogopa. Nikagundua kwamba huo muziki unaitwa progressive rock, na kwamba Waitaliano walikuwa na bendi nyingi sana za namna hiyo, vijana wenye ndevu waliosomea piano halafu wakanunua gitaa za umeme. Nikawafuata pia Waingereza, nikawafuata Wajerumani wanaorudia kitu kimoja mpaka unasahau jina lako, nikafuata na ile rock iliyochanganywa na jazz. Yote nzuri. Lakini nilikuwa narudi kwa Waitaliano kama mbuzi anavyorudi kwenye shamba alilofukuzwa.

Nilijaribu kuwaambukiza watu. Nilipiga pale kinuni wakati injini imezimwa. Mama Nduku, mteja wangu wa siku nyingi na mchezaji hodari wa kila harusi, alijaribu kuucheza, mguu ukabaki hewani. Akaushusha, akaniangalia.

"Kyalo, hii muziki iko na shida gani? Nani aliumiza hawa watu?"

Mke wangu, Mwende, naye alikuwa anauita muziki wa kuitia mapepo. Anasoma hapa anacheka. Ni kweli lakini, alikuwa anauita hivyo.

Kwa hivyo tulibaki wawili, mimi na Salim. Kila Jumamosi mchana nikifunga kinu nashuka mjini, nakaa kwenye ile ndoo. Hatukuwa tunaongea sana. Tulikuwa tunangoja domani, na baada ya domani tunangoja filimbi. Wakuu, nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wakubwa, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu changu ambacho si kazi, si ada ya shule, si mazishi ya mtu.

Kisha tweeter ya redio yangu, kile kispika cha sauti nyembamba, ikafa.

Hivyo ndivyo nilivyodhani. Ile sauti ya juu ya matoazi, ile *tss tss*, ilikuwa imetoweka. Nikamrudishia Salim redio, akaifungua, akaniambia haina neno. Nikanunua earphone mpya, zikawa hivyohivyo. Nikamwambia flash imeliwa na virusi, akaninakilia upya. Nikabadilisha simu. Kinanda kikaanza kusikika kama kiko nyumba ya jirani, na filimbi ikawa nyembamba, nyembamba.

Jumamosi moja nikafika kwa Salim nikiwa na hasira kabisa. Aliweka ule wimbo kwenye spika yake kubwa, ile anayoipenda. Domani ikapita. Vyombo vikanyamaza. Nikangoja.

Hakuna kitu.

Nikamwambia, "Umeona sasa? Hata yako imekufa! Hii tweeter yako imekufa!"

Salim alikuwa ananitazama, na kidole chake kilikuwa juu, kinafuata kitu hewani, kinapanda polepole. Kilipanda, kikasimama kidogo, kikashuka.

Alikuwa anaifuata filimbi.

Akaushusha mkono. Akasogea mpaka mbele ya uso wangu ndipo akasema, "Kaka Kyalo, spika ni nzima. Nenda hospitali."

Nilienda. Walinifungia kwenye kachumba kadogo, wakanivalisha vitu masikioni, wakaniambia nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Nilikaa mle nikingoja waanze. Kumbe walikuwa wameshaanza kitambo.

Daktari, dada mpole tu, aliniuliza kazi yangu. Nilipomtajia posho mill akaacha kuandika. Akanieleza kwamba kelele ya miaka mingi huua sikio kutokea juu kwenda chini. Sauti nyembamba ndizo zinatangulia: ndege, matoazi, filimbi. Kisha zinafuata sauti za watoto na za wanawake. Nzito zinabaki mwisho. Na kilichokufa mle ndani hakioti tena.

Nikamuuliza kama kuna dawa. Akasema hakuna. Nikamuuliza tena, nikidhani pengine sikusikia vizuri. Akasema hakuna.

Nilipewa vile vifaa vya kuvaa sikioni vya kukuza sauti. Kwa maongezi vinasaidia, siwezi kukataa. Kwa muziki ni kama mtu anakupigia sufuria. Na nyuma ya kila kitu kuna mlio wa nyenje ambao haulali, hata sasa nikiandika uko hapa.

Nilikata tamaa, wakuu, nasema wazi. Sikutaka chakula, sikutaka salamu. Kinu nilikiendesha, ningekula nini, lakini kila nikiiwasha ile injini nilikuwa naiangalia kama mtu aliyenifanyia ubaya na bado tunalala nyumba moja. Kuziba masikio sasa naziba. Ni kama kufunga zizi wakati ng'ombe wameshaibiwa.

Ile hesabu ya saba bado naisikia. Bass naisikia. Mwimbaji namsikia nusu nusu, na neno domani linanifikia vizuri kwa sababu analivuta kwa sauti nzito. Kwa hivyo kila mara najua kabisa ni wakati gani filimbi inaingia. Hilo ndilo linaloniua. Ningekuwa sijui, ningepumzika.

Salim alijaribu kunieleza. Ni fundi, maneno si kazi yake. "Inapanda kaka, halafu inashuka. Ni nzuri tu, nitakwambiaje?" Akajaribu kuipiga kwa mluzi, na mluzi nao siusikii. Nikamwona tu amekunja midomo, macho yamejaa maji. Siku hiyo nilimwambia asijaribu tena.

Mwezi uliopita kikatokea kitu.

Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Nilikuwa nimekaa nje ya jikoni, earphone masikioni, simu mfukoni, macho nimefunga. Ule wimbo ukaanza. Kinanda, gitaa, kishindo. Ukafika domani, ukanyamaza.

Na filimbi ikaingia.

Yote! Nyembamba, safi, kila hatua. Ilipanda, ikasita pale juu inapositaga, ikashuka kupitia njia ile nyingine. Nililia kwa sauti. Nilijua nimepona, nilianza hata kumshukuru Mungu kwa Kikamba.

Mwende akatoka jikoni mbio. Akaniona ninavyolia, akaitoa simu mfukoni mwangu, akaiangalia, akabonyeza, akabonyeza tena. Kisha akanigeuzia.

"Baba Mutheu. Hii simu imezima. Haina chaji."

Haikuwa na chaji tangu tukiwa kanisani.

Kumbe nilikuwa nausikia kichwani tu. Mwanzo nilivunjika. Halafu nikajiambia, sawa, angalau nimeuhifadhi, huko kelele ya kinu haifiki. Kwa wiki mbili hivi niliishi na hiyo faraja. Nilikuwa nakaa pale nje bila simu wala earphone na kuupiga mwenyewe.

Juzi nimeujaribu tena. Domani. Kimya. Filimbi ikaanza kupanda, ikafika pale juu, ikasita.

Na sikukumbuka inashukia wapi.

Nimejaribu leo asubuhi, nimejaribu mchana. Inafika pale juu inasimama, na nyenje wanajaza nafasi yote iliyobaki.

Mwende, huyuhuyu wa mapepo, alichukua earphone akaketi na ule wimbo mrefu wote, yeye ambaye hawezi kumaliza tangazo la redio. Ulipoisha akaja mbele yangu ili niione midomo yake. "Inalia kama mtoto amechoka kulia na bado hajalala. Halafu kuna mtu anamfunika." Nilimshukuru. Lakini hiyo ni filimbi ya Mwende. Yangu haikuwa mtoto, na siwezi tena kumwambia ilikuwa nini.

Nilichojifunza ni kifupi. Wewe wa kinu, wa karakana, wa kuchomelea vyuma, wewe DJ, wewe kijana unayelala na earphone: ziba masikio leo, usingoje dalili, kwa sababu dalili ndiyo yenyewe tayari. Na kama kuna muziki unaojiambia utausikiliza siku ukipata nafasi, usikilize leo jioni. Mimi nilianza nikiwa nimebakisha kidogo na sikujua.

Wale wa kuniambia niweke kitunguu saumu sikioni, tafadhali piteni. Nilishaweka. Wale wa pole, nimepokea zote mapema.

Ninachoomba ni kitu kimoja. Macho yangu ni mazima na naweza kusoma. Kama kuna mtu humu anaifahamu progressive rock ya Waitaliano, akitaka nitamtumia huo wimbo. Asikilize mpaka domani. Kisha aniandikie hapa chini, kwa maneno yake, hata kama ni mabaya: ile filimbi ikishasita pale juu, inaenda wapi?